Huo mguu wa kuku hautakufikisha nyumbani

Siku hizi kuna swali linazunguka kwa makundi ya WhatsApp kutoka Kisauni mpaka Magongo, na sasa limenifikia mimi. "Bro, bastola gani ndogo ndo poa, ile unaweka kiunoni na hakuna anayejua?" Watu wanauliza vile mtu anauliza simu gani ina kamera safi chini ya elfu ishirini. Bei gani, ipi nyembamba, ipi haikwami.

Najibu hapa mara moja ili nisirudie kwa kila inboksi. Jibu ni hakuna. Si ile ya Marekani umeiona YouTube, si Ceska ya "kuna jamaa anazo", si ile ya kutengenezwa kwa bomba. Hakuna mguu wa kuku utakaokufikisha nyumbani salama Mtopanga, na nitakwambia kwa nini, tena kwa hesabu, sio kwa mahubiri.

Komenti nazijua tayari. "Umelipwa na serikali." "Wewe hujawahi kukatwa." Tulia kwanza.

Sicheki mtu anayeogopa. Aliyekaa Mlaleo, Kiembeni, Mshomoroni au Bakarani hahitaji kuelezwa hofu ni kitu gani. Wakali Kwanza, Wakali Wao, majina yanabadilika, panga ni ile ile. Wanatoka kumi, kumi na tano, wengine hata ndevu hazijaota, wanafagia njia nzima. Mama anayefunga meza ya viazi karai. Boda anayesubiri mteja wa mwisho. Dada anayetoka shifti ya usiku EPZ. Na kinachouma zaidi ni kwamba simu ushatoa, pesa ushatoa, na bado wanakukata. Ukiwa na rafiki mwenye mshono kutoka sikio mpaka shingo huwezi kumwambia "kuwa na subira ndugu yangu". Mi mwenyewe siwezi. Hofu yake nakubali. Dawa anayotaka kunywa ndo nakataa.

Sasa hizi vidio. Mi ni mtu wa kontenti, najua biashara inavyokwenda. Jamaa yuko Texas, ndevu zimechongwa, miwani ya jua, meza safi, bastola tano zimelazwa kwa mstari. Anakwambia Glock 19 inabeba risasi 15. Sig Sauer P365, iliyotoka 2018, ni ndogo kuliko hiyo na bado inabeba 10. Anapima unene kwa rula. Anaonyesha ala ya kuvaa ndani ya suruali, mkanda wa kuishikilia, shati la kuifunika. Kazi safi, siwezi kudanganya, hata mi nimezitazama mpaka mwisho.

Lakini jamaa huyo haongei na wewe. Anaongea na mtu wa nchi ambayo, kwa zaidi ya nusu ya majimbo yake 50, mtu mzima anaweza kutembea na bastola chini ya shati bila kibali chochote. Nchi ambayo mwaka 2022 Mahakama yao ya Juu ilisema kubeba bastola nje ya nyumba kwa kujilinda ni haki ya kikatiba. Mtu huyo anaendesha gari lake, anaingia uwanjani kwake, anafunga geti lake.

Wewe unapanda matatu ya Bamburi saa mbili usiku, mmebanwa wanne kwa kiti cha watatu, kiuno chako kimeshonana na kiuno cha mtu humjui. Utaficha nini hapo? Una fulana na kaptura kwa joto la Februari, kila kitu kinaonekana mpaka sarafu mfukoni. Ukitaka kuvuka Likoni, unapita kwa ukaguzi kabla hujaona feri. Ukiingia duka kubwa, askari mlangoni anakupitishia kile kijiti. Na hewa yetu ya chumvi, hewa inayokula bawaba za mlango na nyororo ya baiskeli, unadhani itasamehe chuma umekiweka chini ya godoro miezi sita bila mafuta kwa sababu huwezi kumuuliza mtu yeyote jinsi ya kukitunza?

Na kuna kitu kingine vidio ya kulinganisha haikwambii. Huko huko Marekani, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki kila mwaka ni watu waliojiua wenyewe. Sio majambazi, sio wezi wa usiku. Wenyewe. Nawajua vijana wa mitaa hii, kazi hakuna, deni la Fuliza liko, mapenzi yamevunjika, mtu yuko macho saa nane za usiku anatazama dari. Sitaki kitu hicho chini ya mto wa yeyote kati yao. Hili silitanii.

Haya, tuje kwa sheria, kwa sababu kuna mtu aliniambia "si ni kuomba tu leseni". Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inasema huwezi kununua wala kukaa na bastola bila cheti. Cheti kinapitia Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Uwe na sababu ya maana, na wao waridhike kwamba chuma mkononi mwako hakitahatarisha watu wengine. Mlevi hapewi. Mwenye akili isiyo sawa hapewi. Kwa karatasi, "naishi Kisauni na natoka kazini saa nne usiku" ni sababu ya maana kuliko zote nchini. Jaribu kuipeleka uone. Ukitazama wenye bastola halali unaowajua wewe, wangapi wanapanda tuktuk?

Na hata hao wenye makaratasi, msiwaone kama malaika. Mwisho wa 2018 Fred Matiang'i, waziri wa usalama wa wakati huo, aliamuru wenye leseni wote wakaguliwe upya. Serikali yenyewe haikuwa ikiamini orodha yake. Januari 2020, DJ Evolve akapigwa risasi shingoni ndani ya klabu moja Kilimani, Nairobi. Kamera zilinasa, nchi nzima ikatazama. Haikuwa bastola ya magendo. Aliyelala hospitalini miezi na miezi ni kijana wa muziki aliyekuwa kazini usiku, kama wewe na mimi.

Wengine wanasema, sawa, leseni sipati, nitabeba hivyo hivyo, heri nifungwe kuliko nizikwe. Ni maneno matamu kwa komenti. Wacha nikupeleke kwa kichochoro sasa.

Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, anaitwa Dennis Tueller, aliandika kitu ambacho mpaka leo wanafundishana. Alipima mtu mwenye kisu akikimbia futi 21, mita sita na kidogo, anachukua muda gani kukufikia. Sekunde moja na nusu. Na huo ndo muda ambao polisi aliyefunzwa anahitaji kuchomoa na kufyatua. Aliyefunzwa, mchana, anajua adui ni yupi, na adui ni mmoja tu.

Wewe hujafunzwa. Ni usiku. Taa ya mtaa ilikufa zamani. Wako kumi na wawili, watano mbele na saba nyuma, na mita sita kwa vichochoro vyetu ni anasa, mara nyingi unawaona wakiwa mita mbili. Mkono wako mmoja una mfuko wa unga. Chuma chako kiko ndani ya suruali, chini ya shati, mkanda umekaza kwa sababu jamaa wa Texas alisema ukaze. Hesabu hiyo imalize mwenyewe.

Tuseme una bahati, umechomoa. Umefyatua kwa mkono unaotetemeka. Hiyo risasi inaenda wapi? Nyumba zetu nyingi ni mabati, mbao, udongo. Risasi ya bastola haisimami kwa bati. Inaingia kwa chumba cha jirani ambapo watoto wanne wamelala mkeka mmoja. Likoni mnajua hii bila kuelezwa. Tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani kwenu Jumapili asubuhi. Mama mmoja akafa, na mtoto wake mdogo akabaki na risasi ndani ya kichwa mpaka madaktari wa Kenyatta, Nairobi, walipoitoa. Wale walikuja kuua, wewe utakuwa unajilinda, najua tofauti. Ukuta wa bati haujui.

Na yule uliyempiga? Ana miaka 15. Mamake anauza mahamri nyumba ya tatu kutoka kwenu. Mlikuwa naye madrasa. Sisemi umwonee huruma akiwa na panga, nasema utaishi na jina lake mtaa huo huo, na ndugu zake wako hai.

Halafu kesi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 17, inasema mambo ya kujilinda yataamuliwa kwa misingi ya sheria ya Uingereza. Kweli kabisa, mpaka leo. Yani mahakama itauliza kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari. Na Waingereza hao hao tuliokopa kwao? Machi 1996 mtu aliingia shule ya msingi Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao kwa bastola alizomiliki kihalali. Mwaka uliofuata wakapiga marufuku karibu bastola zote za raia. Sheria tumebaki nayo, funzo tumeliacha kwao. Wewe utafika kizimbani na silaha isiyo na cheti kutaka huruma ya sheria hiyo. Kabla hata hawajauliza nani alianza, tayari una kosa moja la kukufunga miaka.

Lakini kusema ukweli, jela sio hofu yangu kubwa. Hofu yangu kubwa ni kwamba hutafika mahakamani.

Kila anayekaa bara huku, Likoni, Kisauni au Changamwe, anaijua ile taarifa. "Mshukiwa alikaidi amri ya kusimama, akapigwa risasi, bastola moja na risasi mbili zikapatikana." Inabadilika jina na mtaa tu. Ni mara ngapi mama amesimama mbele ya kamera akisema mwanangu hakuwahi kushika bunduki maishani? Haki Africa na MUHURI wamekuwa wakilia na kesi hizi miaka, IPOA iko kwa sababu ya malalamiko kama haya. Kitu pekee ambacho familia huwa inabaki nacho ni hilo neno: hakuwa na silaha. Ndo linafanya watu waandamane, ndo linafanya wakili akubali kesi bure, ndo linafanya mtu wa uchunguzi aulize hiyo bastola ilitoka wapi.

Sasa wewe unataka kuibeba mwenyewe. Unataka ukisimamishwa Magongo saa tano usiku, kijana, una rasta, una kofia, wakupapase wakute ni kweli. Umewaandikia taarifa yao kabla hujafa. Mamako atasimama mbele ya kamera aseme nini?

Na usiniletee habari ya ile bandia ya kutisha watu. Gizani polisi haoni kama ni plastiki, na sheria nayo inaitambua bunduki ya bandia ukiitumia kufanya uhalifu au kukataa kukamatwa.

Kuna jambo lingine hawa wa "kila mtu ajihami" hawataki kulizungumzia. Chuma kikiingia mtaani hakikai kwa mtu mmoja. Wewe umekatwa, umeanguka, simu wamechukua, na bastola pia. Kesho yake genge lililokuwa na mapanga kumi lina mapanga kumi na Ceska moja, na umeinunua wewe kwa pesa yako ya kuosha magari.

Wazee wa Likoni wanalijua hili vizuri kuliko mtu yeyote. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kuelekea uchaguzi wa mwaka huo, vijana walivamia kituo cha polisi cha Likoni. Wengi wao walikuwa na mapanga, pinde na mishale. Waliua polisi na kutoka na bunduki zaidi ya 40. Fikiria hilo: polisi wenye silaha, wamefunzwa, wako ndani ya kituo chao, na silaha haikuwakinga, iligeuka kuwa ndo kitu kilichofuatwa. Wiki zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa Likoni na sehemu za karibu, na kama 100,000 wakahama makwao, wengi wakiwa watu wa bara waliojenga maisha yao hapa. Kuna viwanja Likoni mpaka leo mwenyewe hakurudi. Muulize babako. Kama alikuwa Likoni mwaka huo, tazama uso wake ukimwambia unataka kununua mguu wa kuku.

Najua swali linalobaki, na ni swali la haki: kwa hivyo tufanye nini, tukatwe tu?

Kwanza, msikubali hii hadithi kwamba usalama ni kitu cha kila mtu kujinunulia. Hapo ndo hasira yangu iko, na haiko kwa wewe uliyeuliza. Iko kwa waliokufanya uulize. Ng'ambo ya barabara kuna Nyali, taa zinawaka, doria inapita. Unavuka kuja Kisauni na ni kama umeme ulikatazwa. Askari wa kampuni anayelinda mamilioni ya mtu getini usiku kucha anapewa rungu na tochi, kisha anatembea kwa miguu kurudi Mwandoni alfajiri bila hata hiyo tochi. Katiba ya 2010 hakuna mahali inakupa haki ya kubeba bastola. Lakini soma kifungu cha 29: una haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, utoke kwa serikali au kwa mtu binafsi. Kukatwa na panga boys ni haki yako ya kikatiba imevunjwa, na kuna watu wanalipwa mshahara waizuie isivunjwe. Kila kijana anayenunua chuma anawaambia watu hao: pumzikeni, nishajipanga mwenyewe.

Pili, na hili linachosha lakini linafanya kazi: ripoti. Watu wetu wakikatwa wanashonwa na kurudi nyumbani. Wanaogopa genge, wanaogopa polisi, wanaona ni kupoteza nauli. Matokeo yake kwa kitabu cha kituo usiku huo haukutokea kitu. Mkubwa wa usalama anasimama kwa runinga anasema hali ni shwari na wewe huna karatasi ya kumpinga. Nenda na watu watatu, usiende peke yako. Dai namba ya OB. Dai fomu ya P3, daktari aijaze. Piga picha kila karatasi kabla hujaitoa mkononi. Wakikataa kuandika, andika jina la kituo, saa, na namba ya kifuani ya aliyekataa, upeleke IPOA au MUHURI. Watu ishirini wenye P3 za mwezi mmoja kutoka mtaa mmoja ni kelele ambayo hakuna mkubwa anaweza kusema hakusikia.

Tatu, tembeeni pamoja. Najua inasikika kama ushauri wa shangazi. Lakini kuna masista wa EPZ wanasubiriana stendi mpaka wafike wanane ndo waanze kutembea, na wameweka boda mmoja wanayemjua awe anawamulika na taa kutoka nyuma. Wanachanga shilingi 20 kila mmoja. Hakuna vidio ya Texas ina kitu kama hicho.

Nne, hao watoto wenye mapanga. Hapa najua nitatukanwa. Hawakutoka Somalia, walitoka darasa la nane la shule uliyosoma. Kuna mtu anawapa bangi na vidonge, kuna mtu anawanunulia simu wanazoiba, na karibu na uchaguzi kuna mtu anawapa fulana na nauli. Mnunuzi wa simu za wizi mnamjua. Mnapita dukani kwake kila siku. Mmechagua bastola mpaka mkajua unene wake kwa milimita, lakini duka hilo hakuna aliyelitaja hata kwa komenti.

Mimi kutoka stendi yetu mpaka msikitini nimehesabu milingoti 17 ya taa. Inayowaka ni mitatu. Nataka kila mtu wa Kisauni, Likoni na Changamwe anayesoma hapa ahesabu ya njia yake leo usiku, akiwa na mwenzake, aandike mtaa na idadi hapo chini. Ijumaa napeleka orodha kwa ofisi ya kaunti na nitaipeleka nikiwa laivu, kwa hivyo msiandike uongo.